Mfamasia Anajibu: Akili Mnemba Katika Safari ya Dawa

Barua nyingi zilizoifikia safu hii zimezunguka jambo moja. Kompyuta zinazojifunza, ambazo sasa tumezoea kuziita akili mnemba, zimeingia katika utafutaji, utengenezaji na usambazaji wa dawa, na wasomaji wanataka kujua ni kipi kilichobadilika kweli na ni kipi ambacho bado ni tangazo la biashara. Nimechagua barua sita. Nimezifupisha bila kubadili maana, na baadhi nimezijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu suala lenyewe ndivyo lilivyodai.

Ipo wapi dawa iliyogunduliwa na akili mnemba?

*Shikamoo mfamasia. Ninasoma mwaka wa pili wa famasia. Mhadhiri wetu alituambia kwamba akili mnemba imekwisha kugundua antibiotiki mpya, na mitandaoni ninasoma kwamba dawa sasa zinabuniwa kwa miezi michache tu. Mbona siioni hata moja katika orodha ya dawa tunazofundishwa? – E.K., Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amesema kweli, na wewe nawe una haki ya kushangaa, kwa sababu kati ya kugundua molekuli na kupata dawa kuna safari ndefu ambayo vichwa vya habari huiruka.

Nianze na kile kilichobadilika. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini fulani ya mwili au ya kimelea, na ili mtafiti abuni molekuli ya kujishikiza hapo ni lazima ajue umbo la protini hiyo, mabonde yake na vijishimo vyake. Kwa miongo mingi umbo hilo lilipatikana kwa kuigeuza protini kuwa fuwele na kuipiga eksirei, kazi iliyoweza kummaliza mtafiti miaka yake yote ya shahada ya uzamivu kwa protini moja. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold, iliyotengenezwa na kampuni ya DeepMind ya London, ilionyesha kwamba inaweza kubashiri maumbo mengi kutokana na mpangilio wa asidi amino peke yake, kwa usahihi unaokaribia ule wa maabara. Kufikia mwaka 2022 kanzidata yake ilikuwa na maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, nayo iko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walioongoza kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na David Baker, ambaye alienda upande wa pili na kubuni protini ambazo hazikuwahi kuwepo duniani.

Antibiotiki aliyoitaja mhadhiri wako bila shaka ni halicin. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na James Collins na Regina Barzilay, waliifundisha kompyuta kwa kuipa molekuli 2,335 ambazo tayari zilikuwa zimepimwa iwapo zinazuia bakteria aina ya E. koli kukua. Baada ya mafunzo hayo waliipa mkusanyiko wa molekuli takriban 6,000 na kuiuliza ni zipi zingeweza kuua bakteria ilhali hazifanani na antibiotiki tunazozijua. Ikateua molekuli iliyokuwa imechunguzwa zamani kwa ajili ya kisukari na kuachwa. Maabara ikathibitisha kwamba inaua bakteria wengi sugu, pamoja na vimelea vya kifua kikuu, na panya walioambukizwa bakteria sugu wakatibika. Ni kazi nzuri sana, na ninaithamini hasa kwa sababu usugu wa dawa unatuumiza sisi kuliko wengi. Hata hivyo halicin bado si dawa. Panya si binadamu, na hakuna hospitali inayoweza kumwandikia mgonjwa halicin leo.

Sasa tazama mfano wa pili. Mwaka 2020 kampuni ya Exscientia ya Uingereza ilitangaza, pamoja na kampuni ya dawa ya Kijapani ya Sumitomo Dainippon, kwamba molekuli yao DSP-1181, iliyobuniwa kwa msaada wa akili mnemba ili kutibu ugonjwa wa akili wa kurudiarudia mawazo na matendo, imeingia katika majaribio kwa binadamu. Walisema utafutaji uliozoeleka kuchukua karibu miaka minne na nusu ulikuwa umekamilika chini ya miezi 12. Dunia ikashangilia. Baada ya majaribio ya awamu ya kwanza, molekuli hiyo haikufikia vigezo vilivyowekwa, ikaachwa. Kasi ya kuipata haikuwa imeongeza chochote katika uwezo wake wa kutibu.

Iliyofika mbali zaidi ni rentosertib ya kampuni ya Insilico Medicine, ambapo kompyuta ilishiriki katika kuchagua protini ya kulenga na pia katika kubuni molekuli yenyewe. Inalenga ugonjwa wa makovu ya mapafu usiojulikana chanzo chake, ugonjwa ambao polepole humnyima mtu pumzi. Matokeo ya awamu ya pili ya mwanzo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalihusu wagonjwa 71 nchini China kwa muda wa wiki 12. Waliopewa kipimo kikubwa zaidi walipata ongezeko la wastani la mililita 98 hivi katika ujazo wa hewa wanayoweza kuipuliza nje kwa nguvu, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa walipungukiwa na mililita 20 hivi. Matokeo hayo yanatia moyo. Lakini wagonjwa 71 ni wachache, wiki 12 ni muda mfupi, na majaribio makubwa bado yanahitajika. Hadi ninapoandika majibu haya, hakuna dawa iliyobuniwa na akili mnemba tangu mwanzo ambayo imekwisha kupata idhini kamili ya mamlaka kubwa za dawa.

Kwa hiyo ukisoma habari yoyote ya namna hii, jiulize wanazungumzia utafutaji au uthibitisho. Utafutaji umefupishwa kweli, na ninaamini utafupishwa zaidi. Uthibitisho ni kumpa mtu dawa, kusubiri, kumpima na kumlinganisha na mwenzake asiyeipata, na mwili wa binadamu haukubali kuharakishwa na kompyuta. Takriban molekuli tisa kati ya kumi zinazoingia katika majaribio kwa binadamu huishia njiani. Ikiwa akili mnemba itaibadili hesabu hiyo, hapo ndipo nitakaposema kwamba tasnia yetu imegeuka. Kwa sasa ushahidi huo hatuna.

Haraka hii haitatuletea madhara?

*Mfamasia wetu, mimi ni mama wa watoto watatu. Chanjo ya UVIKO-19 ilipatikana kwa muda usiofika mwaka mmoja, na sasa tunaambiwa kompyuta zitaharakisha kila kitu. Ninaogopa wanangu watapewa kitu ambacho hakijapimwa sawasawa. – Mama A., Tanga*

Mama, hofu yako ina msingi na haistahili kubezwa. Njia bora ya kuijibu ni kuonyesha muda ulipungua wapi.

Chukua chanjo ya Moderna. Wanasayansi wa China walitoa hadharani mpangilio wa vinasaba vya kirusi mnamo Januari 2020, na kufikia tarehe 13 ya mwezi huohuo muundo wa chanjo ulikuwa umekamilika kwenye kompyuta. Mtu wa kwanza alichanjwa tarehe 16 Machi. Hata hivyo idhini ya dharura ya Marekani ilitolewa Desemba, kwa sababu miezi iliyobaki ilitumika kuwachanja na kuwafuatilia washiriki takriban 30,000 katika jaribio kubwa. Kilichofupishwa ni kazi ya mezani, pamoja na kungoja fedha na vibali kati ya hatua moja na nyingine. Tena nyuma ya siku hizo chache kulikuwa na miongo ya utafiti wa Katalin Karikó na Drew Weissman, uliowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2023.

Mfano mwingine wa wakati huohuo unahusu akili mnemba moja kwa moja. Mwezi Februari 2020 kampuni ya BenevolentAI ya London ilitumia programu yake kupekua maandiko ya kitabibu, ikapendekeza kwamba baricitinib, dawa iliyokuwa ikitumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi, inaweza kuwasaidia wagonjwa wa UVIKO-19. Lilikuwa wazo zuri lililopatikana kwa muda mfupi sana, lakini wazo ni wazo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa mahututi mnamo Januari 2022, baada ya majaribio kadhaa, na jaribio la RECOVERY la Uingereza lililohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 likaonyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 13. Mapendekezo mengine mengi ya kompyuta ya mwaka ule yalipimwa na kushindwa, na hiyo ndiyo faida ya kupima.

Uthibitisho wa aina hii unafanyika hata karibu nawe, mama. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2023, ilipimwa katika awamu ya tatu kwa watoto takriban 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na miongoni mwao walikuwemo watoto wa Bagamoyo na Kilifi. Ukiambiwa kuhusu dawa au chanjo mpya, una haki ya kumuuliza mhudumu ilipimwa kwa watu wangapi na wapi. Mhudumu anayejua kazi yake hatakasirika.

Msimbo kwenye pakiti unanihakikishia nini?

*Ndugu mfamasia, ninaendesha duka la dawa muhimu. Siku hizi pakiti nyingine zina miraba midogo ya kupiga picha kwa simu, na nyingine zina sehemu ya kukwangua. Wateja wananiuliza kama hiyo ni dhamana kwamba dawa si bandia. Nami pia ningependa kujua, maana niliwahi kuletewa mzigo nilioutilia shaka. – B.N., Songea*

Ndugu yangu, nimefurahi kuona barua hii inatoka Ruvuma, mkoa ambako mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mwaka 2003. Ninyi ndio mnaokutana na mgonjwa kabla yetu wote, kwa hiyo nitalijibu kwa kina.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ama ni bandia ama iko chini ya kiwango. Afrika haikungoja ifundishwe namna ya kupambana na jambo hilo. Nchini Ghana, Bright Simons alianzisha mPedigree mwaka 2007, na Nigeria, chini ya mamlaka yake ya NAFDAC, ikaanza utaratibu wa namna hiyo mwaka 2010. Kila pakiti hubandikwa namba yake ya siri iliyofunikwa kwa rangi ya kukwangua, kama vocha ya simu. Mnunuzi huikwangua, huituma kwa ujumbe mfupi bila malipo, na hujibiwa papo hapo kama namba hiyo ilitolewa na mtengenezaji. Namba ikishatumika mara moja, ikitumwa tena mfumo hutoa tahadhari. Simu yoyote ndogo inatosha, na kila ujumbe humwonyesha mtengenezaji na mamlaka ni eneo gani ambako namba za uongo zinajitokeza.

Ulaya imekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 9 Februari 2019, karibu kila pakiti ya dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari katika Umoja wa Ulaya ina namba ya pekee ndani ya mraba wa msimbo, na mfamasia huipiga picha anapomkabidhi mgonjwa ili namba hiyo ifutwe katika mfumo. Mtu akinakili pakiti moja mara elfu, ya kwanza kupita kaunta itakubaliwa na nyingine zote zitakataliwa.

Sasa nije kwenye swali lako hasa. Kwanza, si kila mraba ni ulinzi. Mwingine hukupeleka tu kwenye tovuti ya kampuni, na mraba wa namna hiyo mtu yeyote anaweza kuunakili au hata kuuelekeza kwenye tovuti ya uongo. Unaolinda ni ule ambao namba yake ni tofauti katika kila pakiti na ambao kuna kanzidata inayoijibu. Pili, na hili ningependa uwaeleze wateja wako, msimbo unazungumzia pakiti na haujui lolote kuhusu kilichomo ndani baada ya kutoka kiwandani. Fikiria oksitosini, sindano inayozuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambayo kwa kawaida inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ikikaa siku kadhaa kwenye joto la lori au kwenye jokofu lisilo na umeme, hupoteza nguvu. Msimbo wake utasema ni halali, na mama atatokwa na damu. Kwa hatari ya namna hii kinachosaidia ni kipimajoto cha kielektroniki kinachorekodi joto la jokofu mchana na usiku na kutuma ujumbe kwa msimamizi joto linapopanda. Ni kifaa kidogo kisichoandikwa magazetini, na mimi ningekinunua kabla ya programu yoyote ya akili mnemba.

Kukijua kilichomo ndani ya kidonge kunahitaji kukipima kidonge chenyewe. Tanzania imetumia kwa miaka mingi maabara ndogo za kubebeka ziitwazo Minilab, hasa katika vituo vya mipakani, ili kupata jibu la awali kabla ya sampuli kwenda maabara kuu. Siku hizi kuna pia vifaa vya mkononi vinavyomulika kidonge na kusoma mwanga unaorudi, kisha kompyuta hulinganisha mchoro wa mwanga huo na mchoro wa dawa halisi uliohifadhiwa. Hapa kompyuta zinazojifunza zina kazi ya kweli, kwa kuwa tofauti kati ya michoro miwili ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Udhaifu wake ni kwamba kifaa kinaitambua tu dawa ambayo mchoro wake kimepewa, na dawa yenye miligramu chache sana za kiambato hai inaweza kujificha ndani ya unga uliobaki wa kidonge.

Kuhusu mzigo ulioutilia shaka, hakuna programu inayochukua nafasi ya mambo uliyofundishwa. Nunua kwa msambazaji aliyesajiliwa, tunza ankara yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, linganisha maandishi ya boksi na ya karatasi ya vidonge, na ukiona tofauti utenge mzigo, usiuuze wala usiurudishe kimyakimya. Toa taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mzigo ukirudishwa bila taarifa huuzwa kwa jirani yako.

Tutapata lini mfumo unaojua dawa zimeisha?

*Mimi ni muuguzi katika zahanati. Tunaagiza dawa kupitia mfumo wa kompyuta wa wilaya, lakini bado wakati mwingine dawa mseto ya malaria huisha kabla ya mzigo kufika. Nimesikia akili mnemba inaweza kutabiri mahitaji. – Muuguzi, Lindi*

Dada yangu, huenda unafanya kazi katika eneo lililoufundisha ulimwengu somo hili. Kati ya mwaka 2009 na 2010, mradi ulioitwa SMS for Life ulifanyiwa majaribio katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, katika vituo 129 vya afya. Kila wiki mhudumu alipokea ujumbe kwenye simu yake akiulizwa idadi ya dawa mseto na kwinini ya sindano iliyobaki stoo, akajibu bila gharama na kuzawadiwa muda wa maongezi. Mganga mkuu wa wilaya aliona hesabu zote kwenye ukurasa mmoja. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria. Kufikia wiki ya 21, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 26.

Hakukuwa na akili mnemba hapo. Kilichowezesha mafanikio hayo ni kwamba dawa nyingi zilizokosekana katika zahanati moja zilikuwepo kwa ziada katika zahanati ya jirani, na mtu mwenye mamlaka ya kuzihamisha alijua hivyo kwa wakati. Hivyo ninapoulizwa kuhusu programu za kutabiri mahitaji, ninajibu kwamba zinaweza kusaidia sana, kwa maana mahitaji ya dawa za malaria hufuata mvua na kompyuta inaweza kuunganisha takwimu za mvua na za wagonjwa vizuri kuliko leja ya mkono. Lakini zinakula takwimu zinazotoka katika meza yako. Zahanati ikijaza ripoti ya mwezi kwa kukisia, kwa kuwa muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni wengi, utabiri utakuwa makisio yaleyale yaliyovaa nguo nzuri. Serikali ikitaka utabiri mwema, na ianze kwa kumwongezea muuguzi msaidizi wa stoo.

Usafiri nao unabadilika. Tangu Oktoba 2016 Rwanda inatumia ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kupeleka damu hospitalini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67, kwa sababu hospitali haikulazimika tena kurundika akiba.

Je, niiulize simu kuhusu dawa zangu?

*Salaam aleikum. Mimi ni mzee wa miaka sabini, natumia dawa za presha. Mjukuu wangu amenionyesha programu kwenye simu ambayo unaiuliza kwa Kiswahili nayo inajibu kama daktari. Iliniambia ninaweza kunywa diklofenaki kwa maumivu ya magoti. Nifuate? – Mzee S., Mombasa*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Usifuate, tafadhali, mpaka umwone mfamasia au daktari anayekutibu. Wagonjwa wengi wa presha hutumia dawa za jamii ya enalapril au losartan pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini. Ukiongeza diklofenaki au ibuprofeni juu ya hizo, figo zinaweza kuumia, na hatari huwa kubwa zaidi katika umri wako. Programu haikujua dawa unazotumia wala hali ya figo zako, na pengine haikuuliza. Programu hizi huandika sentensi fasaha hata pale zinapokosea, na ufasaha huo ndio unaonitia wasiwasi. Zitumie kufafanuliwa neno gumu lililoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Usizitumie kuanza dawa, kuacha dawa, wala kubadili kipimo.

Simu inaweza kukufaa kwa namna nyingine, na ushahidi wake umetoka kwenu Kenya. Katika utafiti wa WelTel uliochapishwa mwaka 2010, watu wanaoishi na VVU waliokuwa wanaanza dawa walitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja, "Mambo?", nao walijibu "Sawa" au "Shida". Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanatumia dawa zao ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wasiotumiwa, na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Aliyejibu "Shida", au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Mwombe mjukuu wako aweke kengele ya kukukumbusha saa za dawa, na namba ya kliniki yako iwe ya kwanza katika simu hiyo.

Sisi ni wanunuzi tu?

*Ninasoma sayansi ya kompyuta na ninapenda sana habari za dawa. Ninachokiona ni kwamba Marekani, Ulaya na China wanabuni, sisi tunasubiri meli. Kuna nafasi gani kwa kijana wa hapa? – W.M., Nairobi*

Nafasi ipo, kijana wangu, na tena ni ya lazima, kwa sababu mashine iliyofundishwa kwa miili ya wengine inaweza kutukosea.

Chukua efavirenz, ambayo kwa miaka mingi ilikuwamo katika kidonge cha TLE walichokunywa wengi wa ndugu zetu wanaoishi na VVU. Mwili huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Kuna aina ya jeni ya kimeng'enya hiki inayofanya kazi polepole, nayo hupatikana zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo dawa hujikusanya katika damu na kuleta kizunguzungu, ndoto za kutisha na majonzi. Kipimo kilichowekwa kwa wote kilikuwa miligramu 600 kwa siku. Mwaka 2014 utafiti wa ENCORE1 ulionyesha kwamba miligramu 400 zinadhibiti virusi vilevile. Leo kidonge chenye dolutegravir kimeichukua nafasi hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini ninawakumbuka wagonjwa walioacha dawa kwa sababu ya ndoto zile. Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko bara lolote, ilhali washiriki wengi wa tafiti za vinasaba ni watu wenye asili ya Ulaya. Kompyuta inayotabiri kipimo kwa kutumia kumbukumbu hizo haitasema "sijui" inapofikiwa na mgonjwa wa Kakamega. Itatoa namba kwa ujasiri uleule.

Kazi ya kurekebisha hali hii imeanza hapa barani. Kelly Chibale, mwanakemia mzaliwa wa Zambia, alianzisha mwaka 2010 kituo cha H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kinachotafuta dawa za malaria na kifua kikuu. Mwaka 2023 kituo hicho na shirika la Ersilia walichapisha maelezo ya mfululizo wa programu za akili mnemba walizoziunda kwa kutumia takwimu za maabara ya H3D yenyewe, ili kuchuja molekuli kwenye kompyuta kabla ya kutumia fedha kuzitengeneza. Katika maabara yenye bajeti ndogo faida yake ni kubwa, maana kila molekuli isiyofaa inayoondolewa mapema huokoa kemikali na wiki za kazi.

Ninakuomba pia uzisome sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumbukumbu za wagonjwa wetu zina thamani kubwa kwa kampuni zinazofundisha mashine, na tunahitaji watu wanaofahamu programu na sheria kwa pamoja ili mikataba ya kuzitoa isisainiwe gizani. Mgonjwa anastahili kuelezwa taarifa zake zinakwenda wapi, na nchi inastahili kuuliza dawa itakayopatikana itauzwa hapa kwa bei gani.

Kwa kuanzia, huhitaji maabara. Programu za Ersilia ziko wazi na hupakuliwa bila malipo. Jifunze kemia kidogo pamoja na mwanafunzi wa famasia, chukueni programu ya malaria, kisha linganisheni ubashiri wake na matokeo ya maabara yaliyokwisha kuchapishwa, molekuli kwa molekuli, na mwandike ilipokosea.